Chuo Kidogo: Faida Zake na Hatari Zake

Tangu nistaafu, swali ninaloulizwa mara nyingi na wazazi wa hapa Nyalikungu linahusu vyuo. Mtoto amemaliza kidato cha sita. Nyumbani wapo ng'ombe wanne wa kuuza, na pamba ya msimu mmoja. Je, apelekwe kwenye chuo kikuu kikubwa ambacho kila mtu amekisikia, au kile kidogo chenye wanafunzi mia chache, ambacho mkuu wake anamjua kila mwanafunzi kwa jina? Swali hili si jepesi. Mzazi anayechagua vibaya hapotezi ada tu. Ng'ombe wanaweza kununuliwa tena, lakini miaka mitatu ya ujana hairudi.

Nimeona nijibu kwa njia ya historia, kwa sababu jambo hili si geni kwetu kama wengi wanavyodhani. Afrika Mashariki imekuwa na vyuo vidogo kabla ya kuwa na vikubwa, na yaliyovipata yanatosha kutufundisha.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Marekani kuna vyuo vingi ambavyo havikusudii kumtoa kijana akiwa mhandisi, mhasibu au mwanasheria. Humfundisha lugha, historia, hisabati, sayansi na falsafa, kisha humwacha achague somo moja la kulichimba zaidi. Taaluma ya kazi huifuata baadaye kwingineko. Elimu ya namna hiyo nitaiita elimu pana. Mara nyingi vyuo hivyo ni vidogo, na wanafunzi huishi humohumo na waalimu wao. Lakini udogo wa chuo na upana wa elimu ni vitu viwili tofauti, na msomaji asivichanganye. Mwalimu Nyerere alisoma Chuo Kikuu cha Edinburgh kuanzia mwaka 1949 hadi 1952. Hicho hakikuwa chuo kidogo. Hata hivyo shahada yake ilikuwa pana: alisoma fasihi ya Kiingereza, uchumi, historia, sheria ya katiba, falsafa ya maadili na elimu ya jamii za watu. Ndiyo maana haikutushangaza kuona mkuu wa nchi akitafsiri tamthilia ya Shakespeare ya Juliasi Kaizari, ikatoka mwaka 1963.

Sisi tulirithi zaidi desturi ya Uingereza ya kumtaka mtoto achague mapema. Kidato cha tano amekwisha kufungwa ndani ya masomo matatu. Akifika chuo kikuu, siku ya kwanza anaingia idara yake na hatoki humo mpaka amalize. Upana hatukuupata sana. Udogo, kwa upande mwingine, tuliujua vizuri.

Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi yenye wavulana 14, wakifundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Mwalimu Nyerere alipokuwa huko, kati ya mwaka 1943 na 1945, akisomea diploma ya ualimu, bado palikuwa mahali padogo ambapo vijana wa Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar walijuana kwa sura na majina. Chuo chetu cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiozidi 14. Kilihamia Mlimani mwaka 1964, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili. Leo kina wanafunzi makumi ya maelfu. Lakini sifa yake ya mijadala iliyosikika duniani, enzi ambazo Walter Rodney alifundisha pale na kuchapisha kitabu chake juu ya Ulaya na Afrika mwaka 1972, ni sifa ya wakati ambapo wanafunzi wake walikuwa elfu chache tu.

Sasa niseme faida za chuo kidogo. Mfano bora ninaoujua ni wa Wangari Maathai. Mwezi Septemba 1959, kwa juhudi za Tom Mboya na marafiki zake wa Marekani, ndege moja iliondoka Nairobi na wanafunzi 81. Miaka iliyofuata wakaenda mamia wengine, wakiwemo wa kutoka Tanganyika na Uganda. Wengi hawakupokelewa na vyuo vyenye majina makubwa. Walipokelewa na vyuo vidogo ambavyo watu wa hapa hawajapata kuvisikia. Wangari alikwenda mwaka 1960 katika chuo cha wasichana cha Mount St. Scholastica, mji wa Atchison, jimbo la Kansas, kilichoendeshwa na masista Wabenedikto. Alisomea biolojia, na pembeni yake kemia na Kijerumani. Alimaliza mwaka 1964. Binti aliyetoka Nyeri kwenda nchi ya baridi na ubaguzi wa rangi alihitaji watu wa kumwangalia, nao walikuwepo. Baadaye alipata shahada ya uzamivu Nairobi mwaka 1971, akaanzisha harakati za kupanda miti, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Sisemi kwamba chuo kidogo ndicho kilichomfanya hivyo. Nasema hakikumpoteza, na mwanafunzi kupotea ndani ya umati ni jambo ninaloliona kila mwaka.

Mimi mwenyewe nilisomea ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1970 katika chuo cha wanachuo wachache, na kazi yangu ya mwisho ilikuwa kuongoza shule. Najua kinachotendeka mahali padogo. Mwanachuo hawezi kujificha. Insha yake inasomwa na mtu atakayekutana naye jioni kwenye foleni ya chakula. Akisema jambo asilolijua darasani, ataulizwa tena kesho yake. Aliyeficha njaa, ugonjwa au msiba anagunduliwa. Kijana wa kijijini ambaye hajazoea kuongea mbele za watu anapata zamu yake ya kuongea, kwa kuwa watu ni wachache na zamu ni nyingi. Hayo hayanunuliwi kwa majengo.

Lakini kila jambo jema la chuo kidogo limening'inia kwa mtu fulani, na hapo ndipo hatari zake zinapoanzia. Pale chuoni petu tulikuwa na mkufunzi mmoja wa historia. Alipohamishwa, historia iliondoka pamoja naye, na muhula mzima ratiba ikawa na nafasi tupu. Maktaba ilikuwa kabati mbili. Mwanachuo akigombana na mkufunzi wa somo hakuwa na mwingine wa kumkimbilia. Katika chuo kikubwa mwalimu mbaya ni hasara ya somo moja; katika chuo kidogo anaweza kuwa hasara ya miaka yote.

Hatari ya pili ni mfuko. Dakta Gikonyo Kiano wa Kenya, aliyekuja kuwa waziri baada ya uhuru, alipata shahada yake ya kwanza Antioch, chuo kidogo cha jimbo la Ohio. Kilisifika kwa kuwapa wanafunzi kipindi cha masomo na kipindi cha kazi kwa zamu, jambo ambalo msomaji wa Elimu ya Kujitegemea atalifurahia. Chuo hicho kilifungwa mwaka 2008 kwa kukosa fedha, na kikafunguliwa tena mwaka 2011. Hata Mount St. Scholastica ya Wangari haipo tena kwa jina lile. Mwaka 1971 iliunganishwa na chuo jirani cha wanaume. Ikiwa vyuo vya nchi tajiri huyumba hivyo, vya kwetu vinavyotegemea ada ya wakulima wa pamba vitakuwaje mvua ikikosekana?

Hatari ya tatu ni mkono wa mwenye nguvu. Mwaka 1939, huko Githunguri, Kenya, Mbiyu Koinange alipokuwa amerudi kutoka masomoni Marekani, ilifunguliwa koleji ya kuwafundisha waalimu wa shule za Waafrika zilizojitenga na misheni. Wananchi waliichangia wenyewe kwa marika yao. Mzee Kenyatta aliiongoza kuanzia mwaka 1947. Mwaka 1952, ilipotangazwa hali ya hatari, serikali ya kikoloni iliifunga. Chuo kikubwa nacho kinaweza kufungwa, lakini si kwa urahisi huo.

Kwa nchi yetu, mfano ninaoufikiri zaidi ni Kivukoni. Mwaka uleule wa uhuru, 1961, kilifunguliwa chuo hicho upande wa Kigamboni, ng'ambo ya bandari ya Dar es Salaam. Mfano wake ulikuwa Ruskin College ya Oxford, iliyoanzishwa mwaka 1899 kwa ajili ya wafanyakazi waliokosa nafasi ya kusoma. Joan Wicken, aliyekuja kuwa msaidizi wa Mwalimu Nyerere kwa miaka mingi, alikuwa miongoni mwa waliohangaika kutafuta fedha za kukianzisha. Walioingia walikuwa watu wazima kutoka vyama vya wafanyakazi, vyama vya ushirika na TANU, wala cheti cha sekondari hakikuwa sharti. Waliishi pamoja na kusoma uchumi, historia na siasa. Kwa maoni yangu hicho ndicho chuo chetu kilichokaribia zaidi elimu pana: kidogo, cha bweni, na kilichomtaka mtu afikiri kabla ya kumpa cheo.

Mwaka 1971 TANU ilikifanya kuwa chuo chake cha itikadi. Sisemi kwamba kufundisha itikadi ni dhambi. Chama chochote kinahitaji makada. Lakini chuo kilichoanzishwa ili watu wazima wajifunze kupima hoja kilipewa kazi ya kueleza hoja zilizokwisha kupimwa na wakubwa. Mabadiliko hayo hayakuhitaji vurugu. Uamuzi wa chama ulitosha, kwa kuwa mlezi wake alikuwa mmoja. Baada ya kurudi kwa vyama vingi mwaka 1992 kiligeuzwa kuwa chuo cha sayansi ya jamii, na tangu mwaka 2005 ni Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, kinachotoa vyeti na shahada kama vingine. Kimeendelea kuishi, na hilo ni jambo la heri, lakini kazi yake ya mwanzo haijapata mrithi.

Pengine mtu atasema mrithi ni Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden, vikifuata mfano wa shule za watu wazima za Skandinavia, ambazo ya kwanza ilifunguliwa Rødding, Denmark, mwaka 1844. Kimoja kipo karibu nasi, Malampaka, kwenye reli ya Mwanza. Navipenda vyuo hivyo. Vimewapa vijana wengi ushonaji, uashi na useremala, na fundi mzuri haombi kazi kwa barua. Hata hivyo shule za Denmark zilikusudia pia kumfundisha mkulima historia na lugha ya nchi yake ili aweze kusimama mkutanoni na kusema. Upande huo kwetu ulififia, kwa sababu mwenye njaa huuliza kwanza juu ya chakula. Hilo nalo ni doa la elimu pana ambalo sharti tulikiri: matunda yake huchelewa, na mzazi aliyeuza ng'ombe ana haki ya kuuliza yataiva lini.

Basi nampa mzazi ushauri gani? Wahenga walisema padogo pako si pakubwa pa mwenzako. Methali hiyo ni ya kweli iwapo padogo penyewe ni pako kweli. Kabla ya kulipa ada ya chuo kidogo, usivutwe na rangi ya majengo. Angalia kwanza kama kimesajiliwa na Tume ya Vyuo Vikuu. Kisha uliza mambo matatu. Waalimu hukaa miaka mingapi kabla ya kuondoka? Fedha hutoka wapi ada ikichelewa? Na mkuu wa chuo akikosea, ni nani anayeweza kumwambia hapana?

Ukipata majibu mazuri, mpeleke mtoto huko, hasa kama ni mpole au ametoka shule ya kata ambayo haikumpa nafasi ya kuongea. Atafundishwa na watu watakaomjua. Ukikosa majibu, chuo kikubwa ni salama zaidi. Huko atakuta maktaba, waalimu wengi wa kuchagua, na wenzake wenye akili kumzidi. Ila mwambie mapema kwamba hakuna atakayemtafuta asipoonekana darasani. Itambidi amtafute mwalimu wake yeye mwenyewe, abishe mlango na kujitambulisha, tena katika mwezi wa kwanza.