Ubora wa bunduki: Funzo la M16 nchini Vietnam

Ubora wa bunduki haujulikani kwa kuitazama, wala kwa sifa za aliyeibuni. Hudhihirika inapofyatuliwa mara nyingi, katika vumbi na unyevu, bila kukwama. Mfano wa wazi ni M16, bunduki ambayo Marekani iliwapa wanajeshi wake katika vita vya Vietnam.

M16 ilitokana na AR-15, iliyobuniwa na Eugene Stoner wa kampuni ya ArmaLite katika miaka ya 1950. Ilikuwa nyepesi, na majaribio ya awali yaliwaridhisha wengi. Hata hivyo, kabla ya kusambazwa kwa wingi vitani, aina ya baruti iliyotiwa katika risasi zake ilibadilishwa. Baruti hiyo mpya iliongeza kasi ya ufyatuaji na kuacha masizi mengi ndani ya bunduki.

Isitoshe, chumba cha risasi, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi kabla ya kufyatuliwa, hakikupakwa kromiamu. Muungano wa Kisovieti, kwa upande wake, ulikuwa tayari ukipaka madini hayo ndani ya mitutu ya bunduki zake za AK. Katika unyevu wa Vietnam, chumba hicho kilishika kutu na maganda ya risasi yakakwamia humo. Askari alilazimika kulisukuma ganda kwa ufito kupitia mdomo wa mtutu, huku adui akiendelea kumfyatulia. Aidha, wengi hawakuwa na vifaa vya kusafishia, kwani ilikuwa imeenea dhana kwamba bunduki hiyo haihitaji kusafishwa sana.

Mnamo 1967, kamati ndogo ya Bunge la Marekani iliyoongozwa na Richard Ichord ilichunguza malalamiko hayo na kusema kuwa uzembe uliofanyika ulikaribia kuwa wa jinai. Baadaye, bunduki za M16A1 zilitengenezwa zikiwa na chumba kilichopakwa kromiamu, na wanajeshi wakapewa vifaa na mafunzo ya usafi. Matatizo yakapungua sana.

Kwa hivyo, anayewachagulia askari silaha hana budi kuijaribu kwa risasi zile zile watakazotumia, katika hali ya hewa watakamopigania. Kiwanda kikibadilisha baruti au kipuri chochote, majaribio hayo sharti yarudiwe.