Kiwanja cha Maskini na Mashauri ya Umma

Wako wanazuoni ambao, kila utajwapo mgomo au maandamano, huyahesabu kuwa ni ghadhabu ya umma iliyofurika, wakadhani kwamba siasa huanza pale tu ghadhabu hiyo ituliapo na waheshimiwa wakakaa kitako kuandikiana hati. Nami, kwa kadiri nilivyoitazama tarikhi ya bandari ya Mombasa, naona rai hiyo imepindua mambo, kwa kuwa huko mashauri ya umma yalizaliwa ndani ya mgomo wenyewe, na lau usingekuwako mgomo yasingalipata mahali pa kukaa.

Tarehe 13 Januari 1947 mahamali wa bandari ya Kilindini, na wafanyakazi wa reli, na wahudumu wa mahoteli, na watumishi wa majumbani, jumla yao wapata 15,000, waliacha kazi kwa pamoja. Sababu ilikuwa dhahiri: tangu siku za Vita vya Pili vya Dunia vyakula na vyumba vilikuwa vimepanda bei, hali ujira ukisuasua nyuma, na kibarua wa gatini alikuwa akiamka bila ya yakini ya kazi ya siku ile. Mgomo ulidumu siku kumi na mbili. Jambo lililo zito zaidi kwangu kuliko siku hizo ni ule uwanja waliokuwa wakikusanyika kila siku, wakaupa jina la Kiwanja cha Maskini. Kwani pale hamali, karani na mpishi, wa bara na wa pwani, watu ambao serikali ilizoea kuwasikia kwa ulimi wa bwana wa kazi au wa mzee wa kabila, walisimama wenyewe mbele ya halaiki, wakatoa hoja zao, wakasikilizana. Baraza, katika desturi ya miji yetu, ni kikalio cha mawe kilicho mbele ya nyumba, na hukaliwa kwa idhini ya mwenye nyumba. Pale kiwanjani walikaa baraza watu wasio na nyumba, wala hawakumwomba mtu idhini.

Na walipokwisha kukaa, madai yao hayakusimama kwenye nyongeza ya shilingi. Walidai malipo sawa kwa kazi sawa, pasipo kutazamwa rangi ya mtu, na dai hilo, ukilipima vizuri, si la ujira peke yake: ni swali juu ya msingi wenyewe wa dola ya kikoloni, lililoulizwa na watu wasiokuwa na kura.

Sidai kwamba kiwanja kile kilikuwa na insafu kamili. Waliovunja mgomo waliletwa mbele ya mkutano, na wako walionyolewa nywele kwa fedheha. Hilo lilikuwa shurutisho, na mwenye kuupenda uhuru wa rai hana budi kulikiri. Hata hivyo, aliyeshurutishwa na jirani zake hadharani aliwajua wanaomhukumu na sababu yao, ilhali ujira wake ulikuwa umepangwa na watu asiopata kuwaona.

Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya, alipofika Mombasa tarehe 24 Januari, ilimlazimu kuwaendea wagomaji na kuwashawishi kwa maneno, naye akawaahidi kwamba madai yao yatasikilizwa. Kesho yake wakarudi kazini. Baraza la usuluhishi chini ya Jaji Thacker liliketi, na mishahara ikaongezwa. Chama kilichozaliwa katika siku zile za mgomo, Shirikisho la Wafanyakazi wa Kiafrika, hakikuvunjika mgomo ulipokwisha, bali kiliendelea kuita mikutano chini ya uongozi wa Chege Kibachia. Na hapo ndipo ilipobainika serikali ilikuwa ikikhofu nini hasa, kwa maana nyongeza ya ujira iliivumilia, lakini mikutano ile haikuivumilia. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule Kibachia alikamatwa, akahamishiwa Baringo, akakaa kizuizini kiasi cha miaka kumi, mbali na bandari.