Habari za Wageni wa Kisiwani, na Kiwanja cha Ndege Kilicho Jirani

Katika kitabu hiki cha jubilei mmekwisha kusoma habari za makanisa, za shule, na za walimu wetu wa kwanza. Sisi twapenda kuandika juu ya wageni: waliifikiaje nchi hii ya Kisiwani, na ni nani aliyewapokea. Jambo hili laonekana dogo. Lakini Injili yenyewe ililetwa Upare na wageni, nao hawakuweza kufundisha neno hata moja kabla ya kupewa maji ya kunywa na mahali pa kulala.

Hapo kale mgeni alikuja kwa miguu. Ndivyo walivyokuja wamisionari wa Leipzig walioanza kazi Upare mwaka 1900, na baada yao Jakob Dannholz, aliyekaa Mbaga, juu katika milima yetu, tangu mwaka 1908. Kisha ikaja reli. Ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911, ikipita Same. Tangu hapo mgeni alishuka garini Same, upande wa machweo wa milima, akaja kwetu upande wa macheo kwa kuizunguka milima au kwa kuivuka. Mgeni wa namna hii hakuweza kupita bila kuonana na watu. Aliuliza njia, aliomba moto, alinunua ndizi. Hata alipofika mwisho wa safari yake habari zake zilikuwa zimekwisha kutangulia.

Ndege za kwanza kuonekana katika pande hizi hazikuleta wageni, zilileta vita. Mwaka 1916 kikosi cha ndege cha Waingereza, namba 26, kiliweka kambi Mbuyuni, ng'ambo ya mpaka, kikipeleleza kwa ajili ya jeshi la Jenerali Smuts. Mwezi wa Mei mwaka ule jeshi hilo likateremka kando ya milima ya Upare. Kiswahili cha siku zile kilikiita chombo hicho ndege Ulaya, au eropleni. Ilipita miaka mingi kabla ya chombo hicho kujulikana kwa kazi njema kuliko hiyo. Mwaka 1957 daktari Michael Wood na wenzake wawili, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha kazi ya madaktari wanaoruka, ili daktari amfuate mgonjwa mahali asipoweza kufikiwa kwa barabara. Shauri lao lilizaliwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mlima ule tuuonao kutoka Upare wakati wa anga safi.

Sasa twaja kwenye nyika iliyo mbele ya Kisiwani. Mwaka 1951 serikali iliitenga nyika ya Mkomazi iwe pori la akiba. Mwaka 1988 wafugaji waliokuwa wakikaa ndani yake waliamriwa kutoka pamoja na ng'ombe wao, na jambo hilo liliacha majonzi ambayo si haki kuyaruka katika kitabu cha historia. Mwaka 1989 akaja Tony Fitzjohn, aliyekuwa msaidizi wa George Adamson huko Kenya. Alipasua njia, akatengeneza viwanja vya ndege, naye mwenyewe alikuwa rubani. Mwaka 2008 pori likawa Hifadhi ya Taifa, yenye kilomita za mraba 3,245.

Msomaji aliyeuona uwanja wa Kilimanjaro, uliofunguliwa mwaka 1971, asidhani kwamba kiwanja cha nyikani ni mdogo wake. Hakina mnara, hakina duka, wala hakina nyumba ya kungojea; kivuli ni cha mti. Huduma yake ni kazi ya mikono. Majani yafyekwe, mashimo ya ngiri yafukiwe, mawe ya pembeni yapakwe chokaa, na mfuko wa kuonyesha upepo usiwe umechanika. Rubani akifika hupita kwanza chini-chini bila kutua, ili pundamilia na swala waondoke, ndipo arudi. Hupenda kuja asubuhi, maana jua likipanda hewa huwa nyepesi, mabawa hayashiki vizuri, na ndege huhitaji mbio ndefu zaidi ili kuinuka. Tena wakati wa masika udongo mweusi hugeuka utelezi. Basi kabla ya safari lazima mtu aliye pale atembee kiwanjani kwa miguu yake, aseme kama pamekauka. Roho za wasafiri zakaa juu ya neno la mtu huyo mwenye jembe, na wengi wao hawamjui jina.

Wageni waliongojewa kuliko wote walikuwa faru, watatu kutoka Cheki mwaka 2009 na watatu kutoka Uingereza mwaka 2012. Hao walikuwa wazito mno kwa kiwanja cha nyikani, wakashushwa Kilimanjaro na kuletwa kwa malori. Wahenga walisema siku ya tatu mgeni apewe jembe, hawa wamesamehewa.

Lakini mgeni wa ndege ashukaye asubuhi, akatazama wanyama, akaruka tena, haombi moto kwetu wala haulizi njia. Huenda akarudi kwao asijue kama pana mahali paitwapo Kisiwani. Twaona hiyo ni hasara yake na yetu pia. Maana huku chini, kwa miaka mingi, mama mwenye uchungu wa kuzaa alipelekwa Same au hospitali ya Gonja kwa barabara ya udongo, na mvua ile ile iliyozuia ndege ndiyo iliyomzuia yeye.

Walimu wakipata nafasi, wawapeleke watoto hifadhini, nao wajifunze kazi ya kiwanja kwa watu wanaoifanya. Na wazee wa sharika wazungumze na wakuu wa hifadhi, ili wageni waelekezwe kupita kijijini. Maji ya kunywa yapo, na viti vya kuwakalisha vipo.