Picha za Wazee Wetu na Mwanga wa Jua



Katika nyumba nyingi za Kishanda, na za Buhaya yote, hata leo utaona ukutani picha ya babu na bibi iliyotiwa kioo. Babu ameketi kitini, mikono juu ya magoti. Bibi amesimama kando yake, mkono mmoja umeshika mgongo wa kiti. Hakuna anayecheka. Watoto huuliza, "Mbona walikuwa wamekasirika siku ya arusi yao?" Swali hili ni jema, nalo lastahili jibu la kweli, maana jibu lake halimo katika mioyo ya wazee peke yake, bali limo pia katika dawa, katika kioo, na katika jua lenyewe.

Ufundi wa kupiga picha ulitangazwa kwa watu wote huko Paris mwezi wa Agosti mwaka 1839. Fundi wake alikuwa Louis Daguerre, Mfaransa. Alitwaa bamba la shaba lililopakwa fedha, akalitia dawa ya kuhisi mwanga, akaliweka ndani ya sanduku lenye giza, kisha akafunua tundu lenye kioo. Lakini dawa ile ilihisi polepole mno. Hapo mwanzo mtu alipaswa kuketi juani dakika kadhaa bila kutikisika; akigeuka kidogo tu, uso wake huwa ukungu. Kwa hiyo mafundi waliweka nyuma ya kiti chuma cha kushika kichwa, wakamwambia mtu aegemee kiti au meza. Nani awezaye kucheka dakika tatu pasipo kubadilika uso? Hivyo ndivyo mkao wa kutulia ulivyopata nguvu, na hata dawa zilipokuwa nyepesi, mkao ule ulibaki kuwa desturi ya heshima.

Mwaka 1851 Mwingereza Frederick Scott Archer alitoa dawa mpya ya kupaka juu ya kioo. Dakika zikawa sekunde. Ila kioo kilipaswa kupakwa, kutumiwa na kuoshwa kabla hakijakauka, basi fundi msafiri hakuwa na budi kuchukua hema ya giza. Taabu ya jambo hilo ilionekana katika nchi zetu wenyewe. Mwaka 1860 James Grant, mwenziwe Speke, alipiga picha Unguja. Lakini joto la hema ile lilikuwa la kumwua mtu. Chombo kikarudishwa, naye akashika kalamu na rangi. Kwa hiyo walipofika Karagwe kwa Mfalme Rumanika mwaka 1861, waliyoyaona huko yalichorwa kwa mkono. Miaka michache baadaye, mwaka 1875, Stanley alimpiga picha Kabaka Mutesa pamoja na wakuu wake. Waganda huiita picha ekifaananyi, yaani kitu kinachofanana na mtu. Neno hilo latupa kipimo chema: je, picha hii yafanana naye?

Huko Unguja A. C. Gomes, mtu wa asili ya Goa, alifungua nyumba ya kupigia picha katika miaka ya 1860, na mwaka 1930 Ranchhod Oza alianzisha Capital Art Studio. Aliyeingia katika nyumba za namna hiyo alikwenda kwa hiari yake. Alivaa nguo aliyoipenda, akaketi kama alivyotaka kukumbukwa, akalipa, akachukua picha yake nyumbani. Lakini zilikuwako picha za namna nyingine. Wasafiri na maofisa waliwasimamisha watu wapigwe picha kwa ajili ya vitabu na kadi za posta, na chini ya nyingi liliandikwa jina la kabila tu, jina la mtu likaachwa. Mtu wa kwanza alijiweka mbele ya kioo. Wa pili aliwekwa. Tofauti hiyo yaonekana hata leo katika macho yao.

Sasa tutazame mwanga, maana hapa ndipo penye ugumu mkubwa. Mafundi wa Ulaya walijenga vyumba vyenye madirisha makubwa ya kuelekea kaskazini, kwa kuwa kwao jua hupita upande wa kusini, na dirisha la kaskazini hupata mwanga wa mbingu ulio mwororo, usio na vivuli vikali. Kanuni hiyo haitufai sisi. Bukoba na Muleba zipo kati ya digrii 1 na 2 kusini ya Ikweta. Mwezi wa Juni jua letu hupita kaskazini, mwezi wa Desemba hupita kusini, na katika Machi na Septemba husimama utosini kabisa. Mtu akisimama uwanjani saa sita mchana, paji la uso lang'aa, na macho yamefunikwa na kivuli kama mashimo mawili. Mwenye kofia hapotezi macho tu, hupoteza uso wote.

Tena dawa za zamani zilikuwa na upungufu mwingine. Zilihisi sana rangi ya buluu, na nyekundu hazikuihisi. Nayo ngozi ya mtu hurudisha zaidi mwanga mwekundu kuliko wa buluu. Hivyo ngozi yetu ilitoka katika picha nyeusi kuliko ilivyo, na kanzu nyeupe ikawa kama chokaa. Vioo vyenye kuhisi rangi zote vilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1906. Hata filamu za rangi zilipokuja, kampuni ya Kodak ya Marekani ilisambaza kwa miaka mingi kadi yenye picha ya mwanamke Mzungu, ili mafundi wapime rangi ya ngozi kwa kadi hiyo. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilitolewa baadaye sana, katika miaka ya 1990.

Hapo twaona mashaka ya picha ya arusi. Bibi arusi amevaa nguo nyeupe, naye kwa desturi yetu hutulia na kuinamisha macho; huo ndio ustaha wake na heshima ya waliomlea. Fundi asiyejua kazi hupima mwanga kwa ile nguo. Nguo yatoka nzuri sana, kila ua la lesi laonekana, lakini uso umezama gizani. Kisha apaza sauti, "Inua kichwa! Cheka!" mbele ya wakwe na wazee. Hivyo amwaibisha binti kwa kosa ambalo si la binti. Kuinamisha uso si dhambi ya picha. Mwanga unaotoka juu ndio usiofika chini ya paji la uso. Mwanga wa ubavuni hufika.

Mafundi wa Afrika walilijua jambo hili. Huko Mbarara, katika Ankole, mwalimu wa useremala Musa Katuramu alipiga picha za watu wa nchi yake tangu miaka ya 1930, nyingi kati ya hizo nje, kwa mwanga wa mchana. Huko Bamako, Seydou Keïta alifungua studio yake mwaka 1948; alipiga picha nyingi uani, akitundika nguo yenye maua nyuma ya mtu. Nyuso zao ni nyeusi na zang'aa, macho yako wazi, wala hakuna aliyelazimishwa kucheka.

Basi wenye arusi na wafanye hivi. Wasimpange bibi arusi uwanjani jua likiwa utosini. Wamweke barazani, ndani kidogo ya kivuli cha paa, uso wake ukielekea mahali palipo wazi. Ukuta mweupe au shuka nyeupe upande wa pili utarudisha mwanga chini ya macho yake. Wasimweke chini ya migomba, maana huko mwanga huja vipande vipande, na majani hutia ukijani usoni. Ikiwezekana, wangoje saa kumi, jua lishuke. Na mpiga picha apime mwanga kwa uso, si kwa nguo. Hata kwa simu za siku hizi jambo hilo lawezekana: gusa uso katika kioo cha simu, nayo itaupima.

Limebaki neno moja. Picha ya babu ukutani ina uso. Je, ina jina? Wale waliopigwa kwa ajili ya kadi za posta walinyimwa majina na wageni. Wetu tukiwaacha bila majina, tutakuwa tumewanyima wenyewe. Wangali wako wazee wawezao kusema, "Huyu ni fulani, na yule aliyesimama nyuma ni nduguye." Waulizeni sasa. Andikeni nyuma ya picha, kwa kalamu ya risasi, polepole, jina la kila mtu, kijiji na mwaka. Mjukuu atakapouliza kwa nini babu hakucheka, mtaweza kumjibu. Na akiuliza babu ni nani, picha yenyewe itamjibu.