Urithi wa Wazazi Wawili

Msomaji, ukifika Parklands, Nairobi, utaiona Hospitali ya Aga Khan, iliyofunguliwa mwaka 1958. Tuseme muuguzi wa hospitali yoyote ya mtaa huo ameshikwa na homa, akalazwa katika wodi ile ile anayoihudumia. Jana jina lake lilikuwa katika daftari la wafanyakazi. Leo limo katika daftari la wagonjwa. Kompyuta itaambiwaje kwamba hao wawili ni mtu mmoja? Swali hilo lina historia yake, nayo yaanzia mbali na Nairobi.

Mwaka 1967 Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, wataalamu wa Norwei, walileta lugha ya programu iitwayo Simula 67. Kwa lugha hiyo waliweza kueleza aina ya kitu mara moja tu, kisha kuunda aina nyingine iliyozirithi sifa zake. Kwa mfano, mgonjwa hurithi jina na tarehe ya kuzaliwa kutoka kwa mtu, akaongeza maradhi yake. Mzazi alikuwa mmoja.

Mwaka 1989 Bjarne Stroustrup, mzaliwa wa Denmaki, aliruhusu wazazi wengi katika lugha yake ya C++. Hapo ndipo mashaka yalipozuka. Muuguzi wetu angemrithi mfanyakazi, na angemrithi mgonjwa. Nao wote wawili wamemrithi mtu. Je, ana majina mawili? Ukisahihisha moja, la pili labaki na kosa, na pengine dawa inayomdhuru imeandikwa penye jina lile lisilosomwa! Nasaba hiyo ukiichora yafanya umbo la almasi, ndiyo maana wataalamu huliita tatizo la almasi. C++ inayo dawa yake, lakini yataka kukumbukwa mapema, kabla nasaba haijakua.

Lugha ya Java, iliyotolewa mwaka 1995, ilikataa kabisa: mzazi ni mmoja, ingawa kitu chaweza kuahidi kazi nyingi.

Basi mwaka 2004 madaktari Burke Mamlin na Paul Biondich kutoka Indiana, Marekani, walifika Eldoret, ambako kliniki za UKIMWI zilihitaji mfumo bora wa kumbukumbu. Ndipo ulipoanza mfumo wa OpenMRS, ulioandikwa kwa Java, na ambao KenyaEMR imejengwa juu yake. Humo mgonjwa humrithi mtu. Hapo awali mtumiaji wa mfumo naye alimrithi mtu, na muuguzi anayeugua akawa fumbo. Baadaye urithi wa mtumiaji ulikatwa. Mtumiaji si mtu tena, bali ana mtu. Sisi wenye Kiswahili twaisikia upesi tofauti ya “ni” na “ana”, na kwa maoni yangu ukali wa Java ndio uliowalazimisha waandishi waisikie pia.

Muuguzi akipona, hufungua kompyuta kwa neno lake la siri. Faili lake la ugonjwa li mahali pake, na yote mawili yaelekea jina moja.