Eropleni za Rufiji na Mtikisiko wa Injini

Wanafunzi wetu wa Ngara na Biharamulo, fungueni madaftari. Somo la leo ni la historia, lakini tutaanzia kwenye mashine ya kusaga.

Mnajua fundi afanyavyo kabla ya kuwasha mashine mpya. Humwaga zege, kisha huikaza mashine juu yake kwa bolti na nati. Injini ikizunguka hutikisa kila kitu kilichofungwa nayo. Bila msingi mzito, mashine itahama mahali pake na nati zitalegea moja moja.

Sasa fikirini eropleni. Haiwezi kubeba zege, maana sharti iwe nyepesi. Je, injini yake itashikwa na nini?

Shida hiyo ilionekana nchini mwetu mwaka 1915, wakati wa vita ya Wajerumani na Waingereza. Königsberg, manowari ya Kijerumani, yaani meli ya vita, ilikuwa imejificha katika mikoko ya mto Rufiji tangu mwaka 1914. Waingereza walileta eropleni za kutua majini, aina ya Sopwith. Mifupa yake ilikuwa ya mbao zilizounganishwa kwa gundi. Joto la pwani liliyeyusha gundi, na mbao zikapindika. Nanyi mnajua: kiungo kilicholegea kikitikiswa na injini, huzidi kulegea. Rubani angewezaje kuiamini eropleni ya namna hiyo?

Mwezi wa Juni zilifika Mafia eropleni nyingine, zikiwamo za Henri Farman, zenye mifupa ya mabomba ya chuma. Chuma hakipindwi na unyevu. Tarehe 11 Julai, 1915, Farman moja iliruka juu ya Rufiji, ikaonyesha manowari za Kiingereza mahali pa kupiga. Mizinga ya Wajerumani iliharibu injini yake, ikaanguka mtoni. Lakini watu wake wawili, Cull na Arnold, waliokoka. Siku hiyohiyo Königsberg iliangamia.

Vita hiyo ilifika kwenu pia. Mwezi wa Juni 1916 askari wa Kongo, chini ya Wabelgiji, waliteka Biharamulo. Na mwezi huohuo eropleni za Wabelgiji zilitupa mabomu Kigoma.

Basi kumbukeni: nguvu ya injini ni hatari ikiwa kinachoishika ni dhaifu. Mkienda kusaga, mwombeni fundi awaonyeshe nati za mashine, injini ikiwa imezimwa. Je, zimekazwa zote?

Andikeni jibu: Kwa nini gundi ilishindwa Rufiji?

Kwaherini.