Kuta za Thimlich Ohinga

Mtu atokaye Makoko ya Musoma, kando ya Ziwa Victoria, akishika njia ya kaskazini hata akavuka mpaka wa Kenya, atayakuta katika nchi ya Migori maboma ya mawe yaitwayo Thimlich Ohinga. Yadhaniwa kujengwa katika karne ya 16. Kuta zake hazina chokaa wala udongo: mawe makubwa yamepangwa nje na ndani, na katikati vimejazwa vipande vidogo vya kuyashika, hata pengine ukuta wapita mita 4. Milango ni mifupi. Aingiaye sharti ainame, na adui aliyeinama hana nguvu.

Nyumba zilizokuwa ndani, za miti na udongo, zilioza zikajengwa nyingine, maana jamaa mbalimbali walipokezana makao haya hata katikati ya karne ya 20. Kila waliokuja walitengeneza palipobomoka. Kumtafuta mjenzi wa kwanza peke yake, kama wengi wapendavyo, ni kuwapunja hao waliotengeneza. Pasipo mikono yao, UNESCO isingalipata mwaka 2018 ukuta wa kuuandika katika Urithi wa Dunia.